Kura ya Mama Hapana

Mbunge alikuwa amelala chali kwenye kochi la ofisi yake. Viatu vimewekwa chini sambamba, miwani iko mezani, mikono imekunjwa tumboni kwa adabu. Ungedhani anajinyoosha kidogo kabla ya kurudi kikaoni. Ila macho yalikuwa nusu wazi, na midomo imeingia rangi ya zambarau.

Inspekta alipiga magoti kando ya kochi. Kazini walimwita Kisiki, kwa sababu mwanamke huyu akishasimama mahali, kumng'oa ni shughuli pevu.

"Nani amemkunja mikono?" aliuliza.

Katibu wa Bunge, mzee mwenye suti isiyojua kukunjamana, alikohoa. "Inspekta, mama wa watu alikuwa na presha. Sote tunajua. Presha imemchukua."

"Sijauliza kilichomchukua. Nimeuliza nani kamkunja mikono."

"Ni mimi." Mtu aliyesimama mlangoni aliinua kichwa. Alikuwa msaidizi wa marehemu, mwanamume mkimya, mwembamba, ambaye jengo zima lilimwita Kivuli kwa jinsi alivyomfuata mbunge wake kila aendako. Macho yalimvimba kwa kulia. "Nilikuja kumwamsha baada ya kikao. Nikamkuta mkono unaning'inia. Nikaona vibaya kumwacha vile."

"Ukagusa na nini kingine?"

"Hakuna, afande."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita Inspekta karibu. Alifunua kope la marehemu. Kwenye weupe wa jicho palikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama vimechomwa kwa ncha ya sindano. Kisha akafungua mdomo, na kwa kibano akatoa uzi mfupi wa sufu ya kijani.

"Presha haimlishi mtu sufu," alisema.

Chini ya kichwa cha marehemu palikuwa na mto wa kukalia, wa kijani. Inspekta aliuvuta taratibu, akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa na doa la rangi ya mdomo na mate yaliyokauka.

"Kazibwa pumzi," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Tena si sasa hivi. Damu imeshatulia mgongoni, taya limekaza. Amekufa mchana, watu walipokuwa wanakula."

Sajini, kijana wa Inspekta katika kazi nyingi, alikuwa ameganda na simu yake mkononi. "Afande, haiwezekani. Kura imepigwa jioni, na ya kwake imo. Amepiga Ndiyo."



Hakuna aliyehitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Kwa vipindi vyote alivyokaa bungeni, mama huyu alikuwa amesema Hapana kwa kila muswada uliowanyang'anya watu wake kitu, hata jina lake watu wakalisahau, wakabaki na Mama Hapana. Siku hiyo serikali ilikuwa imeleta muswada wa kumkabidhi mwekezaji chemchemi za jimbo lake. Mwekezaji angefungia maji kwenye chupa auze, na kwa malipo angelijengea jimbo barabara. Muswada ulipita kwa tofauti ya kura moja, na kura hiyo ilikuwa ya Mama Hapana. Redioni walishaanza kusema amekula rushwa.

"Basi maiti imepiga kura," Inspekta alisema, akisimama. "Nataka kuonana na aliyeishika mkono."

*

Simu ya Kamanda ilimkuta bado yuko kwenye korido.

"Andika kifo cha kawaida, tumalize."

"Daktari ameandika kukosa hewa, afande."

Kamanda alishusha pumzi. "Haya, andika mauaji. Lakini habari ya kura iache. Hayo ni mambo ya Bunge."

"Nikiiacha kura, afande, nitabaki na maiti isiyo na sababu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naongea kwa heshima."

Simu ilikatwa. Sajini, aliyesikia yote, alimtazama bosi wake kama mtu anayemtazama jirani akipanda paa bila ngazi.

Katibu wa Bunge naye alikuwa na lake. Picha za video za ukumbini, alisema, ni mali ya Bunge. Kuzitoa kunahitaji kibali cha Spika. Spika amesafiri.

"Amesafiri lini?"

"Sasa hivi."

Inspekta alicheka kwa pua. Alikuwa bado anacheka mlango wa chini ulipofunguliwa kwa kishindo na msichana mwenye ovaroli ya fundi umeme akawapita walinzi wawili kama hawapo. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu.

"Nani anashughulikia kifo cha mama yangu?"

"Ni mimi. Pole sana, mwanangu."

"Pole utanipa baadaye, shangazi. Mama hakupiga kura ile." Kidevu chake hakikushuka. "Sitaki kusikia ya presha wala ya mshtuko. Nimetoka kazini nimepita sokoni, watu wanatema mate chini wakiniona. Nataka jina lake."

"Una uhakika gani?"

Msichana alitoa simu. Kila mama yake alipokuwa na kura kubwa, yeye aliifuata kwenye runinga ya Bunge na kurekodi kipande, wakacheke pamoja wakati wa chakula. Alibonyeza. Kamera ilipita juu ya viti wakati kengele ya kura inalia. Kiti cha Mama Hapana kilikuwa kitupu, mbao tu.

"Mama anaumwa mgongo," msichana alisema. "Vile viti ni vya mbao. Hakai pale bila mto wake wa kijani. Mto uko wapi?"

 Inspekta alikuwa anatazama mkono wa suti ya bluu uliotokea pembeni mwa picha, ukavuka hadi kiti kitupu, ukachomeka kadi ya kura na kubonyeza.

*

Mwenye suti ya bluu alikuwa jirani wa marehemu ukumbini, mbunge wa upande wa serikali aliyeitwa Mheshimiwa Kicheko kwa sababu alicheka hata misibani. Alikuja kituoni akicheka.

"Inspekta, mimi nina kinga."

"Kinga ya maneno unayosema bungeni. Haya ni mauaji. Kaa."

Alikaa. Inspekta akamwonyesha kipande cha video. Kicheko kikafa njiani.

"Huo mkono wa nani?"

"Unafanana na wangu."

"Na hiyo saa ya mkononi?"

"Inafanana na yangu."

"Kadi ya marehemu uliipata wapi?"

"Sikiliza, dada yangu..."

"Mimi si dada yako. Wakati unabonyeza, mwenye kadi alikuwa maiti. Kama hukumuua, sema nani alikupa. Kama huwezi kusema, nitaelewa ni wewe."

Mheshimiwa alitoa leso, akajifuta shingo. "Niliitwa mlangoni. Nikaambiwa mama kichwa kinampasuka, hawezi kuja, kanituma nimpigie. Nikauliza, Hapana kama kawaida? Nikaambiwa, leo Ndiyo."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Lakini Inspekta, sisi tulikuwa tunatafuta kura moja kwa tochi. Unapewa, unaanza kuhoji?"

"Nani alikuletea?"

"Msaidizi wake. Yule Kivuli. Na baada ya kikao akaja kuichukua."

*

Kabla ya kumwita, Inspekta aliagiza kumbukumbu rasmi za Bunge, maana hizo hakuna Spika awezaye kusafiri nazo. Jina alikuwa nalo. Alichokosa ni sababu. Alisoma maswali ya Mama Hapana, hoja zake, na kura zake zote. Alikuta swali moja likirudi kila mkutano: barabara ya jimbo lake itajengwa lini? Waziri naye jibu lake lilikuwa moja, kwamba mpango upo. Kisha akafika kwenye hotuba iliyomfanya aache kufunua kurasa. Alisoma mara mbili, akafunga, akamwambia Sajini amlete Kivuli.

Kivuli alikaa wima, mikono juu ya magoti. Msichana alikuwa nje ya mlango. Alikataa kwenda nyumbani, na Inspekta hakuwa na moyo wa kumfukuza.

"Nakuonya kwamba utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ufunguo wa ofisi ana nani?"

"Yeye na mimi."

"Kadi ya kura ulimpa nani?"

Kivuli alitazama magoti yake.

"Mheshimiwa Kicheko ameshasema. Alama za vidole vyako ziko kwenye kadi, na jasho lako liko kwenye mto. Sina haja ya kukubembeleza. Ninachotaka kujua ni hiki. Mkeo alifariki wapi?"

Kwa mara ya kwanza, mtu yule aliinua macho. Hayakuwa na machozi tena.

"Mmesoma."

"Nimesoma."

"Basi mnajua. Juu ya tela la trekta, afande. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, gari haziingii kule. Trekta likakwama kwenye tope. Nilimshika mkono hadi ukapoa, na mtoto tumboni." Alijifuta viganja magotini. "Mama akaja kuzika. Akalia kuliko mimi. Halafu akasimama bungeni akamsimulia mke wangu mbele ya watu, nami niko juu kwenye viti vya wageni nasikiliza. Wakagonga meza. Wiki iliyofuata ikaja bajeti. Barabara yetu imo ndani, imeandikwa. Akapiga Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bajeti hiyohiyo ilikuwa na tozo ya visima. Alinieleza vizuri sana. Yeye kila kitu alikieleza vizuri. Serikali ikatunyima barabara kutukomoa, na yeye akapigiwa makofi kwa msimamo. Msimamo wake, kaburi langu!"

"Na leo?"

"Nilimpelekea chai mchana. Nikapiga magoti, afande, mtu mzima mimi. Nikamwambia, mama, sikuombi useme Ndiyo. Usiingie tu ukumbini. Wape barabara, wasife wengine. Akaniambia barabara ataidai mpaka anaingia kaburini, lakini hainunui kwa maji ya watu. Akavua viatu, akalala. Akalala usingizi, kama hajasema kitu! Mto ulikuwa pale."

"Wale watu wangekunywa nini, ndugu yangu?"

"Maji hutafutwa. Mke wangu nikamtafute wapi?" Aliinamisha kichwa mbele kama anayesukuma mlango. "Andikeni kila neno. Nimemuua, na barabara imepita. Ningeipitisha tena."

Mlango ulifunguka. Msichana alisimama, ovaroli bado mwilini.

"Mjomba," alisema. Hawakuwa na undugu wa damu. Ni jina alilomwita tangu utotoni, Kivuli akimshikilia baiskeli ili asianguke. "Mama alikuwa anauza shamba lake. Alitaka kununua gari la wagonjwa lenye magurudumu ya tope. Alisema hataki kukuambia kabla halijafika, maana hana uso wa kukuahidi tena kitu."

Kivuli aliinuka nusu, kama anayetaka kwenda mahali.  Kisha akaanguka mbele, na Sajini ikabidi amshikilie asiporomoke kitini.

*

Kamanda alipiga tena asubuhi. Alitaka maelezo ya mtuhumiwa yapunguzwe, ibaki ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi.

"Umechelewa, afande," Inspekta alisema. "Jalada lipo kwa mwendesha mashtaka, na kura imo ndani. Nimemwandikia pia kuhusu Mheshimiwa aliyebonyeza."

"Utahamishwa, Kisiki."

"Nitapanga mizigo. Ushahidi haupangiki tena."

Alishuka hadi mbele ya Bunge. Waandishi wa habari walikuwa wamejaa kwenye ngazi, vinasa sauti vimenyooshwa. Walinzi walijaribu kumwondoa msichana. Inspekta akasimama kati yao na yeye, akakunja mikono, na walinzi wakaona kazi nyingine ya kufanya.

"Ni kweli mama yako alibadilisha msimamo?" mwandishi mmoja aliuliza.

Msichana alisogelea vinasa sauti.

"Mama yangu alikuwa ameshakufa mashine ilipoandika Ndiyo," alisema. "Kura hiyo ifutwe, na muswada urudi upigiwe upya, nami nitakaa kule juu kwenye viti vya wageni nikitazama. Mama yangu mmeshamuuliza vya kutosha. Sasa waulizeni walio hai. Wao walipiga nini?"