Kanda Iliyonukia Sabuni

Kanda ya zamani ikioza hunuka siki. Hilo halina ubishi, na katika stoo ya kituo cha redio hapakuwa na pua iliyolijua zaidi ya pua ya yule mama ambaye wenzake walimwita Mama Pua. Kazi yake ilikuwa kuamua tu: hii bado inafaa, ile ikatupwe. Anafungua boksi, ananusa, anapitisha kidole. Kidole kikitoka na vumbi la kahawia, basi, hiyo ni maiti. Kazi ya kuchosha jamani, haina ahsante, na jioni akitoka hapo miguu imevimba anarudi nyumbani kumuuguza mama yake mzazi.

Sasa kanda aliyoletewa na mdogo wake wa kiume haikunuka siki. Ilinukia sabuni, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwenye sanduku la baba, kule nyumba ya zamani. Si unaona mwandiko wake? 'Mimi na bi mkubwa.' Dada, wewe ndiye fundi. Ikifaa, huenda mama akala."

Hapo ndipo palipouma. Bi mkubwa alikuwa amegoma kula. Daktari kampima, haoni ugonjwa. Mwenyewe anageukia ukutani na kusema, "Niacheni, wanangu, nimechoka." Mumewe, aliyekuwa fundi mitambo wa kituo hichohicho, alikufa zamani, na sauti yake hakuna aliyeikumbuka sawasawa tena mle nyumbani.

Mama Pua aliikagua kanda ile kwa jicho la fundi. Haikunata, haikukunjamana, haikuacha vumbi. Ilikuwa vuguvugu, lakini akasema moyoni ni joto la stoo. Akaipachika kwenye mashine, akavaa hedifoni, na marehemu baba yake akasema, "Bi mkubwa, chai iko wapi? Au leo tunakunywa hewa?" Kikafuata kicheko cha mama enzi za ujana wake. Mama Pua alilia palepale kitini, kamasi na machozi, mtu mzima mzima.

Kulikuwa na kasoro moja. Kabla ya kila neno, neno lilelile lilitangulia kusikika kwa mbali, mnong'ono wa chumba cha pili. Hilo halikumtisha hata kidogo. Kanda ikikaa imeviringwa miaka na miaka, mzunguko mmoja huacha alama yake kwenye mzunguko unaougusa, ndiyo maana sauti hujitangulia yenyewe. Kila fundi wa kanda analijua hilo na hakuna anayekosa usingizi kwa hilo. Akachukua kalamu, akaandika juu ya boksi: INAFAA.

Laiti angeinusa tena!

Akaazima mashine kazini, akaibeba hadi chumbani kwa mama. Chai iko wapi, kicheko, na bi mkubwa akaketi mwenyewe, akaomba supu, akamaliza bakuli zima. Mdogo wake alicheza ngoma jikoni. Tangu hapo ikawa kila alasiri kanda inazunguka, mama anakula, na Mama Pua, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, anapata kujinyoosha kidogo. Mnyonge wa Mungu, alikuwa amechoka mno kuuliza maswali.

Jumapili moja mchana alikuwa anakunja nguo miguuni pa kitanda, kanda inazunguka, mara baba yake akasema, "Mbona unachelewa, bi mkubwa?"

Akaiacha nguo. Kanda ile aliijua mwanzo hadi mwisho, na maneno hayo hayakuwamo. Kabla hajainuka, kutoka kwenye spika kwa mbali ikaja sauti ya pili, si ile ya msichana anayecheka bali ya kikongwe, kavu: "Nakuja, mume wangu, ngoja nijifunike." Na pale kitandani mama yake, macho wazi, uso umenawiri kwa tabasamu, akafungua kinywa na kusema neno kwa neno, "Nakuja, mume wangu, ngoja nijifunike," akavuta shuka taratibu hadi ikamfunika uso, na harufu ya sabuni ikajaa chumba kizima hadi kooni, na Mama Pua akairukia mashine aizime, akipiga magoti juu ya nguo alizozikunja, akapapasa swichi, ndipo akaona kwamba rili zote mbili, yale magurudumu ya kanda, zilikuwa zimesimama, kanda ilikwisha zamani, na baba yake alikuwa bado anaongea.

Alimfunua mama, akamkuta yu hai. Mdogo wake akamleta mganga, mzee mwenye mafua aliyelalamikia ngazi njia nzima. Alipofika mlangoni pa chumba, mafua yakakoma. Hakuingia.

"Huyo siye baba yenu," alinong'ona. "Ni jini, kaazima sauti tu."

"Mtoe basi, mzee wangu," alisema Mama Pua.

"Majini niliowazoea hupanda kichwani mwa mtu, huyo mtu ndiye kiti chao. Huyu kiti chake ni hiyo kanda. Nitaifukizaje kanda, mwanangu? Mwenye kujua kuifuta ni wewe."

"Nikiifuta, mama hatakula tena."

"Usipoifuta, atamfuata."

Bi mkubwa alimwona binti yake akiichomoa kanda. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Usininyime mume wangu mara ya pili," na Mama Pua akatoka mbio kabla hajairudisha.

Kazini kuna sumaku ya kufutia, nzito kama pasi ya chuma. Akaizungusha juu ya kanda hadi bega likamuuma. Kisha akaisikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho. Upepo mtupu. Akaikata ile INAFAA kwa mstari mmoja, akakaa pale akijiona amemzika baba yake kwa mikono yake mwenyewe, na hapana hata mtu wa kumpa pole.

Aliporudi jioni, harufu ilikuwa imeondoka. Na mama kala! Kidogo, lakini kala. Alhamdulillahi. Mama Pua akaketi jikoni, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akafumba macho.

Ndipo akasikia, kwa mbali, mnong'ono wa chumba cha pili, mwanamke analia: "Mama! Mama, amka! Mama!"

Akakimbia na miguu iliyolowa. Bi mkubwa alikuwa ameketi kitandani mzima wa afya, anachana nywele.

"Kuna nini, mbona unaniita kwa kelele hivyo?"

"Sijakuita, mama."

"Unaniita tangu mchana, wewe."

Mama Pua alisimama pale, maji yakichuruzika sakafuni. Sauti ile aliitambua. Ilikuwa yake, na kilio kile alikuwa bado hajakilia. Akafikiri kanda ile ililala siku ngapi mle chumbani, karibu na mto wa mama yake, ikitenganishwa na kitanda chake yeye kwa ukuta mmoja tu, ikiacha alama yake.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama yake, na kwa mkono wa pili akajiziba mdomo.