Karibuni, Kaeni

Mlinzi wa jengo la wahadhiri alimfungulia mlango akasema, "Karibuni."

Mwalimu Futa aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Unamkaribisha nani mwingine, kaka?"

Mlinzi akacheka, kisha akaacha. "Samahani, mwalimu. Macho yamezeeka."

Jina la Futa alipewa na wanafunzi, kwa sababu kila insha aliirudisha na neno moja pembeni: futa. Hakuwa mkali, alipenda tu sentensi isiyobeba mzigo usio wake. Nyumbani hakuwa na mume wala mtoto, na mama yake alishatangulia mbele ya haki. Likizo ile wenzake walikwenda makwao. Yeye alibaki kuandaa maombi ya kupandishwa cheo na kupewa ajira ya kudumu. Mkataba wake ulikuwa ukingoni: akikosa safari hii angefungasha vitabu aondoke, na hakuwa na pa kuvipeleka wala wa kumpokea.

Maelezo yake aliyaandika kama wasomi wengi wanavyofunzwa, kwa unyenyekevu wa wingi. Tulifundisha. Tulitafiti. Tuligundua. Kila aya aliisoma kwa sauti, apime mizani yake.

Mwanzoni kilikuwa kiti tu. Kile cha wageni, mbele ya meza yake, kililia kama kinavyolia kikikaliwa. Halafu ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Halafu vyeti alivyoviacha shaghalabaghala akavikuta vimepangwa, akajikuta akisema, "Ahsante." Mungu amsamehe, ilikuwa raha kuwa na wa kumwambia.

Ila alasiri moja, jua likiwa bado kali dirishani, alifungua sehemu ya mipango ya miaka ijayo, pale alipoandika kwamba tutachapisha kitabu na tutawalea wahadhiri chipukizi, akakuta chini yake sentensi ambayo hakuiandika, na alipoinama kuisoma pumzi ya baridi ikampita shingoni, kiti kikalia, na sauti iliyofanana na yake, ila kavu kama karatasi ikichanika, ikaisoma kabla yake, polepole, ikipima mizani: "Hatutaachana."

Alimwita shangazi yake, aliyekuwa akilelewa na wanawe mbali na hapo na aliyewahi kutibu wenye majini. Shangazi alisimama kizingitini, akanusa.

"Nisomee ulichoandika," akanong'ona.

Akamsomea.

"'Tulifundisha', wewe na nani?"

"Peke yangu, shangazi. Ni adabu tu ya uandishi."

"Adabu ya kwenu hiyo. Kuna kiumbe mpweke anakusikia kila siku ukisema 'sisi', akajua anaitwa. Hata mimi ningekuja." Akamshika bega. "Huyu hakuvunja mlango. Umemwita kwa neno, mtoe kwa neno. Kila 'tu' weka 'ni', na useme kwa sauti. Usibakize hata moja, mwanangu."

Shangazi akaondoka kuwahi usafiri. Mwalimu akaanza. Nilifundisha. Nilitafiti. Niligundua. Kwa kila neno kiti kililia, kila mara kwa mbali zaidi, na harufu ikafifia. Ofisi ikawa kimya, kile kimya cha nyumba yenye sahani moja mezani. Ilibaki sentensi ya mwisho: Tunashukuru.

Kidole chake kilikaa sana juu ya kitufe cha kompyuta. Yeye aliyewafutisha watu miaka yote, hilo moja alishindwa kulifuta.

Siku ya usaili, katibu wa kamati alimwona mlangoni, akaburuta kiti cha pili.

"Karibuni," alisema mwenyekiti. "Kaeni."

Hakuna aliyeshangaa. Waliuliza, akajibu; aliposita, jibu lilinong'onwa sikioni mwake. Mwishowe mwenyekiti akafunga jalada, akatabasamu, mara kwake, mara kwenye kiti cha pembeni.

"Hongereni. Kuanzia leo nyinyi ni wa kudumu."

Chini ya meza, vidole baridi vikapenya kati ya vidole vyake. Akafungua kinywa aseme, "Nashukuru."

"Tunashukuru," zikasema sauti mbili.