Mkato wa Tatu

Jumatatu asubuhi Elias Wragg alikuta mkato mpya kwenye mkono wa kiti cha mkewe. Mdogo, safi, wa kisu. Kiti kilinuka mshumaa wa mafuta ya kondoo, na nyumba ile haikuwa na mshumaa.

Dorcas hangeweza kukata. Kiharusi kilimuua upande wa kulia tangu Krismasi, na wa kushoto ulikuwa unasuasua.

Elias akamwita jirani yao Keziah, bibi ambaye hakuwahi kumpenda Elias wala kulificha hilo. Wanaume wa ukoo wake wote walioza mapafu katika mgodi wa zamani wa madini ya risasi mlimani, pale Derbyshire. Aliupapasa mkato, akanusa.

"Mshumaa wa wachimbaji. Na mkato kama huu hukatwa kwenye mtambo wa mbao wa kuvutia ndoo, kule jumba la injini la mgodi. Nani kaukata?"

Elias ndiye mlinzi wa jumba lile. Limehifadhiwa kisheria, hata msumari hupigilii.

"Mimi," alinong'ona. "Jumatatu tatu mfululizo. Nilikuwa nawaonyesha wageni sheria ya zamani."

"Mgodi uliokaa bure, mtambo wake hukatwa mara moja kwa wiki. Mkato wa tatu, mgodi anapewa mwingine atakayeufanyia kazi. Umemwita Mzee wa Chini, mzimu wa wachimbaji wa kale, Elias, ili watalii wacheke. Sasa anatafuta kilichokaa bure."

Wote wakamtazama Dorcas.

"Sijakaa bure," alisema kwa ulimi mzito. "Nileteeni kazi, mnanikodolea nini?"

Akapewa njegere. Alimenya kwa vidole vitatu, huku akimtukana mumewe kwa kuweka bakuli mbali. Jumatatu iliyofuata mkato haukuja.

Wiki moja baadaye vidole vikagoma. Elias akavishika, akamenya navyo.

"Hiyo kazi ni yako, si yake," Keziah alisema polepole. "Mzee anaona."

Mkato wa pili ukaja.

Jumatatu ya mwisho, mchana, jua likiwaka dirishani, jumba lile lisilo na injini miaka mia lilianza kuhema huko mlimani, hema, tua, hema, na harufu ya mafuta ya kondoo ikaingia chini ya mlango, na Elias, aliyekuwa ameufunika mkono wa kiti kwa viganja vyake vyote viwili, akasikia kisu kikikwangua mbao chini ya viganja hivyo, taratibu, bila kumgusa, hadi kikamaliza.

Kimya.

Mkono wa kulia wa Dorcas, ule uliokufa, ukainuka. Ukachukua njegere, ukapasua. Kisha wa kushoto. Mikono yote miwili, upesi, kucha nyeusi.

"Dorcas," Elias aliita. "Dorcas, mke wangu."

Hakuinua macho. Njegere zilipoisha alishuka kitini, akapiga magoti, akaanza kuchimba sakafu.