Kilio cha Mtu Aliye Hai

Shuka lilikuwa limelowa kabla mtu yeyote hajalia. Concilie aliliona doa likianzia mdomoni mwa Marie-Rose, likatambaa polepole hadi shingoni, akadhani ni jasho tu.

Yalikuwa mafunzo ya saikolojia ya kifo. Kituo chao pale Kimanga, kando ya ziwa, kilitunza watu ambao hospitali imeshindwa kuwaponya, na Hyacinthe, mwanasaikolojia kutoka Bukavu, alikuja kuwafundisha wauguzi jinsi mtu anayekufa anavyojisikia: kwanza hukataa, kisha hukasirika, mwisho hukubali. Huwezi kumshika mkono mtu anayekufa, alisema, kama hujakitazama kifo chako mwenyewe. Basi muuguzi alale, afunikwe, mwenzake amlilie kama maiti. Concilie alipinga. Kwao mtu hai haliliwi, maana asikiaye kilio huja. Hyacinthe akamjibu kwa upole kwamba hilo ni zoezi tu. Marie-Rose, muuguzi mwenzake, alicheka, akamkabidhi Concilie mtoto wake mchanga, akajilaza.

"Unililie vizuri, Mama Chance," alisema. "Usiniletee machozi ya vitunguu."

Concilie hakukusudia kulia kweli. Lakini mwanawe Chance alichukuliwa na mafuriko ya mto Mulongwe, asionekane tena. Majirani walipomletea mgomba wauzike badala ya mwili, kama desturi ilivyo, aliwafukuza, na mpaka leo alikuwa akimtengea mtoto chakula. Alipofungua kinywa amlilie rafiki yake, kilio chote alichokibana kikatoka.

Ndipo harufu ilipoingia, harufu ya matope ya ziwa na ndagala, wale samaki wadogo, waliooza. Mlango ukagongwa kwa adabu, kama anavyogonga mtu aliyekuja kutoa pole. Ukafunguka, asiingie mtu.

Marie-Rose akaketi, shuka limemganda usoni. Hyacinthe alipolivuta, mkono wa Marie-Rose ukamkaba koo, ukambamiza ukutani mpaka meno yakadondoka sakafuni. Sauti iliyotoka chini ya shuka haikuwa ya mtu, ilikuwa ya jini.

"Minye nilisikia kilio, nikakuya. Mufu wangu iko wapi?"

"Hakuna mufu," Concilie alinong'ona. "Tulikuwa tunacheza tu."

"Weye hukucheza. Ulilia kweli." Uso ule uliofunikwa ukageuka taratibu kumwelekea mtoto kifuani mwake. "Nitabeba huyu mama. Ama ule mudogo."

Jini likaupinda mkono wa Marie-Rose nyuma ya mgongo wake mwenyewe mpaka mfupa ukalia kama ukuni ukivunjwa, na Concilie, mtoto akipiga kelele begani, akakimbilia uani akaukata mgomba kwa panga, akauviringishia kitenge chake kama sanda, akashika jembe, akaanza kuchimba kwa mkono mmoja, huku ndani Hyacinthe, damu ikimjaa kinywani, akiwa ameikumbatia miguu ya Marie-Rose asitoke, akapigwa mateke ya mbavu moja baada ya jingine, asiachie, hadi nguvu zikamwishia naye akaburutwa pamoja nayo mpaka ukingoni mwa shimo.

"Mugomba hauna jina," jini lilisema, na mkono uliobaki mzima ukaushika mguu wa mtoto.

Concilie aliutazama ule mguu mdogo ukibadilika rangi.

"Iko na jina," alisema. "Ni Chance. Ni mutoto yangu. Alikufa."

Neno hilo hakuwa amelisema hata mara moja. Akautumbukiza mgomba shimoni, akaufukia, akaulilia kama mama anavyolilia.

Marie-Rose akatapika maji meusi ya ziwa, mengi kuliko yanavyoweza kukaa tumboni mwa mtu, na udongo ukabonyea kana kwamba mgomba umevutwa kutoka chini. Kisha akaanguka, mkono ukining'inia, akauliza mtoto wake yuko wapi. Concilie akampa. Marie-Rose akamnyonyesha palepale chini, na Hyacinthe, ambaye kusimama kulimshinda, akalitandaza koti lake lililolowa damu juu yao ili jua lisiwachome.

Kitu kikagonga chini ya udongo. Taratibu, kwa ngumi ndogo.

"Mama," iliita sauti ya Chance, ileile, yenye mafua kidogo. "Huku iko giza. Unifungulie."

"Usimuitikie," alisema Hyacinthe kupitia ufizi uliopasuka. "Si yeye, Mama Chance."

Concilie alijua si yeye. Hata hivyo akaliokota jembe.