Mtambaapanya wa Kikombe

Kikombe kilipokaribia Kona ya Kinu kilipunguza mwendo chenyewe, kikafunga vioo chenyewe, kisha kikasema kwa sauti laini ya mtangazaji: "Abiria mpendwa, katika kona hii, mwaka 2081, Ambwene Mwasumbi alifanya kosa la mkono. Mtu mmoja alifariki. Tafadhali usiguse usukani."

Sekela Mwasumbi alikuwa ameisikia sentensi hiyo kila siku ya kazi kwa miaka tisa. Ambwene ni mdogo wake wa tumbo moja. Aliyefariki ni Tusekile, mke wa Ambwene. Mji mzima wa Mbeya ulikuwa ukipanda na kushuka mlima huku ukisomewa jina la mdogo wake, watoto wa shule wakiwemo. Mtaani walikuwa wameshaacha kumwita Ambwene, walimwita Mkono.

Vikombe ni vigari vya umeme vya viti viwili, vifupi na vya duara, ambavyo Baraza la Mwendo liliviingiza mjini na kupiga marufuku vingine vyote. Kila kimoja kina akili-usukani, mashine inayoendesha. Usukani wenyewe uliachwa kwa dharura tu, na atakayeushika atajieleza.

Sekela hakusoma uhandisi popote. Alijifunza kwa kufungua vikombe vilivyokufa, uani kwake Mwanjelwa, kimoja baada ya kingine, na kila alichokiona alikiandika kwa kalamu. Alichokiona ni hiki. Kikombe kikipita miaka mitatu, sehemu ya nyuma ambapo vichwa vya shokapu hushikana na bodi hulegea. Kwenye kona kali bodi hujipinda kama boksi la sabuni, matairi ya nyuma yakaangalia kwingine, mkia ukatoka. Akili-usukani huhisi gari limegeuka kuliko ilivyoliagiza. Hapo hupiga hesabu yake: humu ndani wenye uwezo wa kugeuza ni wawili, mimi na binadamu. Mimi sijageuza. Basi ni binadamu. Bodi haimo kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa sababu faili la Baraza limeandikwa kwa herufi nene: bodi haipindi.

Kwa hiyo akakata chuma, akakilaza ndani ya buti kutoka kichwa cha shokapu ya kushoto hadi ya kulia, akakikaza kwa bolti nne. Akakiita mtambaapanya, kama ule mti unaolazwa juu ya ukuta ili kuta zisiachane. Akaomba Baraza likipime.

Mashine ya mapokezi ya Baraza ikasoma jina, ikaona panya. Asubuhi yake kidege cha dawa kikatua uani kwa Sekela na kunyunyizia sumu kila kona, hadi kwenye sufuria la chai. "Ombi lako la panya limeshughulikiwa," kikasema, kikaruka.

Ombi la pili likarudi na jibu kwamba chuma hicho ni mzigo usiotambulika. La tatu hakulituma. Alilipeleka mwenyewe, na wenye vikombe mia mbili nyuma yake, wakasimama mlangoni siku nne mpaka akatoka mtu mwenye damu, si mashine. Aliitwa Mhandisi Rwegoshora.

"Mama, hiki chuma chako kinaongeza uzito tu," alisema Rwegoshora. "Gari dogo namna hii halihitaji kukazwa nyuma."

"Kipime basi."

"Na kisipoonyesha tofauti?"

"Nitakuja hapa mbele ya watu wote niseme Baraza liko sahihi, na mdogo wangu ni muuaji. Na kikionyesha tofauti, hata ya unywele, utaandika na kutia kidole."

Rwegoshora akacheka. Hata ya unywele! Akakubali.

Jumamosi asubuhi wakaifunga barabara ya Kona ya Kinu na kuimwagia maji. Jicho-barabara, kifaa cha miale kinachosoma njia ya kila tairi, likasimikwa ukingoni. Kikombe cha miaka mitano kingepita mara kumi bila chuma na mara kumi kikiwa nacho, kwa mwendo uleule wa sitini. Sheria inataka mtu ndani, na Sekela hakumpa mtu mwingine kiti hicho. Akafungua kidirisha cha paa, akatoa mikono yote miwili nje, juu, watu waione.

Bila chuma, kikombe kiliingia kona, mkia ukaserereka kuelekea korongo la kando ya barabara, akili-usukani ikaurudisha. Sekela akatupwa kwenye mlango. Hivi ndivyo alivyotupwa Tusekile. Sauti laini ikatoka kwenye spika: "Kosa la mkono limegunduliwa. Tafadhali usiguse usukani."

Watu wakainua macho kwenye ile mikono. Kisha jamaa mmoja akapaza sauti, "Mhandisi, mikono ile kule juu, au huoni?"

"Labda ni kosa la mguu!" mwingine akadakia.

"Kosa la pua!"

Mara kumi kilipita, mara kumi kikamsingizia. Sekela hakucheka hata mara moja. Kisha akashuka, akakaza bolti nne kwa mkono wake, akarudi kitini. Mara kumi tena. Safari hii mkia ulitoka kidogo ukarudi, na spika haikusema neno.

Rwegoshora akasoma namba kwa sauti. "Bila chuma, mkia umetoka wastani wa sentimita kumi na tisa. Ukiwa na chuma, kumi na mbili." Akashusha pumzi. "Sentimita saba, Mama. Nikuambie ukweli wa kitaalamu: usukani umetulia kidogo, lakini mkia bado unatoka. Hii si dawa."

"Najua si dawa. Sijawahi kusema ni dawa. Andika kwamba kimesaidia."

"Kimesaidia kidogo."

"Andika kidogo. Tia kidole."

Akaandika, akatia kidole gumba kwenye kioo cha kuandikia cha Baraza.

"Sasa nifundishe, Mhandisi, maana mimi sikusoma," alisema Sekela. "Bodi isiyopinda, chuma kinaisaidiaje?"

Rwegoshora akaisoma tena sentensi yake. Akaangalia kioo, akaangalia kidole chake. Alikuwa mtu mwerevu, na mtu mwerevu haambiwi mara mbili. Kama bodi inapinda, faili ni uongo. Kama faili ni uongo, akili-usukani ilikuwa na mtuhumiwa wa tatu ambaye haikuwahi kumhoji. Na hukumu zote arobaini na moja ambazo Baraza lilizitoa kwa kosa la mkono hazina pa kusimama.

"Hukumu kumi na tatu za kosa la mkono nilizisaini mimi," alisema polepole.

"Kumi na nne," Sekela akamsahihisha. "Ya mdogo wangu ni ya tisa."

Jioni ileile amri ya Baraza ikatoka, jina la Ambwene likafutwa katika kila kikombe cha mji. Sekela hakusubiri kupongezwa. Alitembea kwa miguu hadi kwa mdogo wake, akamkuta barazani anachambua maharage, akamweleza yote, kuanzia sentimita saba mpaka kidole gumba.

Ambwene akaendelea kuchambua.

"Asante, dada," alisema. "Lakini mimi nakumbuka. Niliuvuta usukani. Hata ubaridi wake naukumbuka kiganjani."

"Ubaridi?"

"Wa chuma. Ule usukani ulikuwa wa baridi."

Sekela akachuchumaa mbele yake. "Usukani wa kikombe chenu ulikuwa na kava la manyoya ya kahawia. Nililishona mimi, maana Tusekile alilalamika kwamba asubuhi ukimgusa goti unamtia baridi. Ulikuwa nalo siku ile, mimi ndiye niliyelivua kwenye mabaki."

Mikono ya Ambwene ikasimama ndani ya ungo. Aliikazia macho kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa mali iliyookotwa na kuulizwa kama ni yake.

"Sasa siku ile mimi nilishika nini?"

"Sijui. Sikuwemo. Ila miaka tisa umesomewa kila siku kwamba ni mkono wako." Sekela akavuta kigoda, akaketi, akasogeza ungo upande wake. "Fikiri. Sina haraka, na hapa siondoki."