Jiwe la Pangoni

Sogeeni wanangu, tunyamaze kidogo. Shoga yangu Nadra wa Mtoni alikwenda pangoni kutafuta jiwe la kuteremshia maji, kama maporomoko madogo, kwenye bwawa la uani kwake.

"Piga hodi tatu kwanza," Ubwa, fundi wake wa bwawa, alimwambia walipofika mlangoni mwa pango. "Usipojibiwa, tuondoke."

"Anijibu nani, popo?"

Hakupiga hodi hata moja; wakalibeba jiwe mpaka nyumbani. Magharibi wakafungua maji, yakachuruzika, na gizani nyuma ya jiwe kitu kikaita, "Hodi." Nadra akakimbilia chumbani amzuie mama yake, mgonjwa wa kitandani, asiitikie. Hodi ya pili ikamfuata, ya tatu ikamtangulia.

"Karibu," mama akajibu, kwa adabu yake ya siku zote.

Tulimzika Ijumaa. Nyumba kairithi Nadra, kanga wakagawana dada zake. Kitanda hakuna aliyekitaka, maana godoro halikauki, na upande wa ukutani, asikolala mama, limebonyea mpaka leo.