Kopo la Omena

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, Lornah alimbeba mdogo wake Dalmas mgongoni hadi nasari ya Mama Zamzam, pale Nyalenda. Kazi aliyopewa ilikuwa moja: kupika uji wa watoto ishirini, na kabla ya kuuepua, kutia kopo moja la omena iliyotwangwa, wale dagaa wadogo wa ziwani.

Siku ya pili tu, rafiki yake Nabwire alichungulia jikoni akaziba pua. "We Lornah! Hicho si chakula cha kuku? Kesho utawapikia nyasi!"

Lornah aliona haya. Tangu hapo, kila akiachwa peke yake, alimwaga kopo lile nyuma ya jiko. Kuku sita wa Mama Zamzam wakadonoa hadi ardhi ikang'aa. Uji ukawa mweupe, mtamu kwa sukari. Watoto waliumaliza upesi, lakini ikifika saa nne wamelala mkekani kama nguo mbovu.

Baada ya wiki mbili Mama Zamzam alitundika mizani mlangoni. Alimpima Dalmas mara mbili.

"Nusu kilo imepotea! Na wenzake hawajaongezeka. Kwani huu uji unaenda wapi? Hebu niletee kopo la omena."

Lornah alipotoka nalo, kuku wote sita walimjia mbio, wakamzunguka miguuni. Mama Zamzam aliwatazama walivyonona.

"Kitendawili!"

"Tega," Lornah akajibu kwa sauti ndogo.

"Nimewaandalia watoto ishirini, wakashiba wageni sita."

Angeweza kusema ameshindwa, ampe mji, yaishe. Neno "Kisumu" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Dalmas bado alikuwa ananing'inia kwenye mizani, miguu myembamba kama njiti za kiberiti.

"Ni kuku, Mama," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyewapa. Nilichekwa, nikaona haya."

Mama Zamzam hakumgombeza. Alimfundisha kuikaanga omena kavu kabla ya kuitwanga, harufu ipungue. Likizo ilipokwisha, nusu kilo ya Dalmas ilikuwa imerudi, na nyingine juu yake.

"Kuku wako hawajambo?" Nabwire akatania mlangoni.

"Wamefunga," Lornah akajibu, akimimina kopo sufuriani. "Karibu uonje."

Mama Zamzam akacheka. "Shikeni hili, wanangu. Sukari humnyamazisha mtoto, omena humkuza. Chakula kinachojenga mwili hakina aibu. Aibu ni kumnyima asiyejua kusema."